Kwenda Mahagi na Mchumba wa Julienne

Tangu nirudi kutoka Mahagi, hakuna Jumamosi ambayo mmoja wenu hajanivuta pembeni kabla hatujaanza kuendesha, akaniuliza ilikuwaje. Trésor amekwisha kuwasimulia ya kwake, na nasikia katika masimulizi yake mvua ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoiona mimi, na kilima kimoja kimezaa vitatu. Basi nimeandika hapa mara moja, mpeane msome. Karatasi za njiani na mihuri yake nimeziruka. Hakuna kati yenu asiyejua uchungu huo.

Kwa waliojiunga na kundi letu la baiskeli juzi: mimi ni Wivine, nafundisha kemia kwenye sekondari moja ya Saio, hapa Bunia, na baiskeli yangu ni ile ya chuma, ya kijani, ambayo mnaicheka kwa sababu ina porte-bagage, kile kibebeo cha mizigo cha nyuma, kama ya muuza mkaa. Nimeijenga mwenyewe kipande kwa kipande. Fremu ni nzito, tairi ni pana, na breki ni za waya ambazo naweza kuzitengeneza nikiwa nimekaa kando ya barabara. Sijui cha kuchekesha hapo.

Trésor mnamjua. Anafanya kazi katika ofisi ya simu, na baiskeli amejifunza kwenye video. Ile yake nyeusi ya kaboni ilipitia Kampala, na siku ilipofika aliileta kwetu Nyakasanza tuibebe kwa kidole kimoja, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto mchanga. Haina vikinga matope, haina porte-bagage, tairi zake ni nyembamba kama mkanda wa suruali, na viatu vyake vinajifunga kwenye pedali kama kwa kufuli. Alijua uzito wa kila skrubu yake kwa gramu, na hakujua hata moja inafanya kazi gani.

Huyu ndiye aliyetaka kumuoa mdogo wangu Julienne. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo neno la mwisho liko kwa Noko Ukethi, kaka wa mama yetu, anayekaa Mahagi. Noko alisema hataki picha wala simu, anataka kumuona mtu mwenyewe. Trésor akatangaza kwamba atakwenda kwa baiskeli, Noko aone nguvu zake. Jioni ile Julienne alinifuata jikoni.

"Yaya, umusindikize," akasema, maana mimi dada yake mkubwa ananiita hivyo. "Umuangalie muzuri mu njia. Ukirudia utaniambia kweli ni mutu wa namna gani."

Nilikubali haraka. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitafuta tu barabara ndefu ya kulithibitisha.

Nyakasanza hadi Iga Barrière

Tuliondoka asubuhi kukiwa kukavu, vumbi jekundu linapanda nyuma ya kila lori. Trésor alikuwa amevaa nguo ya kubana ya rangi ya limau na miwani kama ya mchomeleaji. Mifuko ya mgongoni mwa nguo hiyo ilijaa vipakiti vidogo vya sukari iliyopondwa kama gundi, ambavyo eti ndivyo chakula cha waendeshaji wa kweli. Mimi nilikuwa na mihogo ya kuchemsha na karanga.

Hatujafika mbali, lori moja likasimama ghafla mbele yetu. Mimi nilishika breki. Trésor naye alishika breki, ila alisahau kwamba miguu yake imefungwa. Alibaki wima kidogo, akifikiri, kisha akaanguka upande polepole kama kabati. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka ndizi sokoni alitua beseni lake chini kwanza ili acheke vizuri. Nilimngoja amalize, maana nami nilikuwa bado nacheka.

Iga tuliingia kwenye nyumba ya chakula. Nilikula fufu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, na samaki wa ziwani. Trésor alisema fufu inalala tumboni, akafyonza vipakiti vyake viwili. Mwenye nyumba alimtazama kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama papa huyu iko mugonjwa ya tumbo, amupikie uji. Nikamwambia ndiyo, apike. Alimletea bakuli kubwa, akamsimamia mpaka alipomaliza.

Shida ilikuja tulipotoka. Wachimba dhahabu walikuwa wameizunguka baiskeli ya Trésor, wanakiangalia kile kioo kidogo alichokifunga kwenye usukani, kinachohesabu mwendo na kuonyesha njia. Mmoja wao, mwanaume mpana mwenye matope mpaka kiunoni, aliuliza kama kile ndicho kinaonaka zahabu chini ya udongo.

Mtu mwenye akili angesema hapana, akapanda, akaenda. Trésor alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba kifaa kinaongea na mitambo iliyo juu angani na kinajua mahali pote duniani. Kadiri alivyoeleza, ndivyo watu walivyoongezeka. Mwisho walimshika mkono kwa heshima kubwa wakampeleka nyuma ya nyumba, penye kiwanja cha yule bwana mpana, atembee nacho. Alitembea. Na kifaa kile, ambacho kazi yake ni kulia kila mwenye nacho akisimama, kililia aliposimama.

Walianza kuchimba palepale. Niliona uso wa Trésor unabadilika, anataka kurudi awaeleze tena. Nilimwambia apande kama anataka kuoa mwaka huu. Sijui walipata nini katika shimo lile, na sina hamu ya kupita Iga hivi karibuni kuuliza.

Iga hadi Masumbuko

Mvua ilitukuta katikati ya vilima. Udongo wa huko ukilowa unakuwa kama unga wa fufu kwenye sufuria. Tairi zangu zilikata matope, nikaendelea polepole. Baiskeli ya kaboni ilitengenezwa kwa barabara za watu ambao hawajawahi kuona matope. Kati ya tairi na fremu hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata kidole, kwa hiyo udongo ulijaa humo mpaka magurudumu yakakataa kuzunguka. Trésor aliibeba begani. Nilimkumbusha kwamba ni nyepesi.

Kwenye mpando uliofuata alijaribu kupanda tena, akakanyaga kwa hasira. Nikasikia mlio wa kitu kinachopasuka. Dérailleur, kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo, kilikuwa kimemeza kijiti, kikajikunja na kuingia ndani ya gurudumu. Trésor alikitazama kama daktari anayetazama maiti, akasema kipande cha kuunganishia kinaagizwa, kinafika kwa wiki chache. Alisema hivyo tukiwa kwenye mvua, mbele yetu kilima, nyuma yetu kilima.

Nilitoa kifaa changu cha kukatia mnyororo, nikakitupa nje kile kidude, nikaufupisha mnyororo ukazunguka gurudumu moja tu la meno la nyuma. Baiskeli ya gia zote zile ikawa na gia moja, sawa na ya muuza mkate. Alichuchumaa karibu akishika mwavuli wa jani la mgomba juu ya mikono yangu, akauliza kila hatua nafanya nini na kwa nini. Maswali yake yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kuifungua baiskeli yake tangu aipate. Nilimjibu mafupi.

Masumbuko tulipokelewa katika ua wa kanisa na mama mmoja mpishi, akatupa maharage na viazi vitamu. Alitutazama kwa zamu mimi na Trésor, kisha akaniambia nina bahati, watoto wa kiume wa siku hizi hawasindikizagi mama zao tena. Trésor alicheka mpaka viazi vikamwingia puani. Mimi nimemzidi miaka michache tu, mnajua.

Masumbuko hadi Ngote

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, lakini pikipiki, zile tunazoziita moto, hazikuwa zinapita. Lori lilikuwa limelala katikati ya barabara juu kidogo ya kijiji, na pande zote ni matope ya kufika magotini. Sisi tulizibeba baiskeli, tukapita kwenye nyasi. Baada ya hapo barabara ilikuwa yetu peke yetu. Nyumba nyingi za upande ule hazina mabati tena tangu vita. Mashamba machache yalikuwa yamelimwa upya, ya watu waliorudi kujaribu.

Katika mojawapo ya mashamba hayo tulisikia mtu anaita. Mwanamke kijana, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alikuwa anatupungia jembe. Chini ya mahindi alikaa wifi yake, Mama Dhesi, mguu umenyooka mbele na kitenge kimelowa damu. Panga lilikuwa limeteleza alipokuwa anakata miti ya uzio, likaingia chini ya goti. Kituo cha afya kilikuwa Ngote, na kati yetu na Ngote palikuwa na vilima ambavyo sikutaka hata kuvihesabu.

Trésor alisema haraka kwamba atangulie yeye, amlete muuguzi. Nikawaza, ndiyo huyu sasa. Julienne alitaka kujua ni mtu wa namna gani, basi ni huyu anayekimbia damu.

"Muguzi atakuja na nini?" nikamuuliza. "Moto hazipite. Huyu mama atakuwa amekwisha."

Alinitazama, akamtazama mama. Kisha akasema, "Kweli, Yaya," akaanza kuvua viatu.

Sikuelewa kwanza. Viatu vile vina chuma chini, huwezi kutembea navyo kwenye mawe hata hatua chache bila kuteleza. Alivivua, akavua na ile nguo ya limau, akahamishia vipakiti kwenye mfuko wa kaptula yake, akaikunja, akaikandamiza kwenye jeraha kwa nguvu kiasi kwamba Mama Dhesi alimpiga kofi. Aliomba msamaha bila kuondoa mkono. Akanituma nitoe mpira wa ndani wa akiba kwenye mfuko wa baiskeli yake, tukaukata, tukafunga ile nguo mguuni, na kipande kilichobaki tukakitengeneza kuwa mkanda.

Tulimkalisha kwenye porte-bagage yangu. Hakuweza kukaa mwenyewe, kichwa kilikuwa kinaanguka. Mtu mmoja ilibidi ashike usukani na mwingine amshike mama kwa nyuma na kusukuma, na wifi yake alikuwa na mtoto. Kwa hiyo mikono ilikuwa minne na baiskeli zilikuwa mbili.

Nilimtazama Trésor nione atafanya nini. Alikuwa amekwisha kuilaza ile ya kaboni kwenye nyasi, pamoja na kioo chake na viatu, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala mtu wa kuachiwa. Aliigeukia mara moja tu. Kisha akaja nyuma ya Mama Dhesi, akaupitisha mkanda wa mpira kiunoni mwa mama na kiunoni mwake, akasema twende.

Kilima cha kwanza kilinionyesha kwamba siwajui watu wa ofisini. Mimi niliushika usukani na kuvuta, naye alisukuma miguu wazi juu ya kokoto kali, na hakukaa kimya hata kidogo. Alimuuliza mama watoto wake majina yao, kisha majina ya mbuzi. Alimsimulia habari za wateja wa ofisini kwake wanaokuja kulalamika kwamba simu zao zinakula salio wakiwa wamelala. Kila kichwa cha mama kilipolegea, alimpa kipakiti kimoja cha ile gundi ya sukari afyonze. Mama alisema ni kibaya. Nilifurahi kusikia kwamba si mimi peke yangu.

Kwenye mteremko niliogopa zaidi. Breki zangu zilishika, lakini uzito wote ulikuwa unanisukuma mgongoni, na Trésor alivuta kwa nyuma kama mtu anayezuia ng'ombe, visigino vikichimba udongo. Tulipofika chini Mama Dhesi alikuwa amefumba macho. Alisema tumuache tu apumzike, tumuache hapo hapo.

"Mama, hapana," Trésor akamwambia sikioni, akigonga kiti cha baiskeli, ambayo kwetu ndiyo kinga. "Hii kinga ni ya Yaya Wivine. Ukifia juu yake, mimi ndiye atanipiga."

Alifumbua macho akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alicheka, kicheko kidogo kikavu, na hakuomba tena kuachwa.

Kituoni muuguzi alitoka mbio, akaona damu, akaona baiskeli, akamuona mwanaume asiye na shati mwenye damu mpaka kifuani. Alihitimisha mambo. Huku wanamwingiza mama ndani, alimkaripia Trésor kwa yote yanayofanywa na vijana wanaoendesha ovyo na kugonga akina mama njiani. Trésor alikuwa anahema, ameinama, mikono magotini.

"Pardon, docteur," akasema. "Mumushone kwanza."

Nami nilitaka kueleza, lakini pumzi sikuwa nayo. Baadaye wifi yake Mama Dhesi, aliyetufuata kwa miguu na mtoto wake, ndiye aliyesema ukweli, na muuguzi akamletea Trésor kandambili na shati lililosahauliwa na mgonjwa fulani. Mama Dhesi alishonwa, akawekewa maji ya mshipa. Walituambia mguu utapona, na kwamba tungechelewa zaidi wangekuwa wanasema maneno mengine.

Nilirudi peke yangu kuitafuta ile ya kaboni, maana miguu ya Trésor haikuwa ya kurudi popote. Nilikuta nyasi iliyolala na alama nyembamba ya tairi inayoelekea upande wa vilima. Viatu havikuwepo pia, ingawa sijui mwizi atavifungia nini. Njia yote ya kurudi nilitafuta namna ya kumwambia. Nyinyi mnanijua, maneno ya kumcheka nilikuwa nayo tangu Nyakasanza, nimeyapanga. Siku hiyo sikupata hata moja la kutumia.

Trésor alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Aliniona nakuja na baiskeli moja. Kwanza aliniuliza kama nimepita kumuona mama, kama amekula kitu. Nikamwambia amekula uji. Akayakoroga maji kwa kidole cha mguu.

"Ilikuwa nyepesi," akasema mwishoni. "Mutu amebeba tu."

Nikaona machozi yanamtoka. Niligeuka nikajifanya napangusa mnyororo.

Ngote hadi Mahagi

Siku iliyofuata pikipiki zilikuwa zinapita tena, nikamwambia apande moja. Alikataa. Alisema amemwambia Noko anakuja kwa kinga, atakuja kwa kinga. Kichwa chake ni kigumu kupita kiasi, na nimeandika hapa ili Julienne asiseme baadaye hakuonywa.

Kwa hiyo tulipokezana baiskeli yangu moja, mmoja anaendesha, mwingine amekaa nyuma. Yeye alipoendesha alilalamika kwamba baiskeli ni nzito, kwamba kiti ni kipana mno, kwamba pedali zinalia. Nilimwambia ashuke. Hakushuka. Kwenye mipando tulishuka wote wawili tukasukuma, na watoto wa vijiji walitukimbilia wakiuliza tunauza nini.

Mahagi walikuwa wametuandalia. Noko Ukethi alikuwa amevaa koti, wazee watatu wa familia wamekaa kwenye viti barazani, na shangazi zangu wamepika kuku, ndizi na samaki wa kukausha. Tuliingia uani mimi nikiendesha na Trésor amekaa kwenye porte-bagage, kandambili mguuni, shati la mgonjwa likimfika magotini, visigino vimefungwa vitambaa. Noko alinikumbatia. Alimpa Trésor mkono, akamshukuru kwa kunisindikiza, akamwelekeza nyuma ya nyumba kwa wapishi, apewe chakula. Trésor alifungua kinywa, akasikia harufu ya kuku, akakifunga. Akaenda.

Niliketi. Wazee walitazama barabara. Baada ya salamu zote na habari za Bunia, Noko akaniuliza kwa upole bwana huyo wa simu atafika saa ngapi.

"Amekwisha kufika, Noko," nikasema. "Umemutuma kule jikoni."

Mzee mmoja alikohoa. Noko alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, kwa kuwa mwenyewe yuko kule anakula, niseme mimi, nimetembea naye.

Nilisema yote. Kwamba hajui kuchagua baiskeli wala kuitunza. Kwamba anaongea mno mbele ya watu asiowajua na nusura atukwamishe Iga. Kwamba anafyonza sukari kwenye vipakiti na kukataa fufu ya watu. Kwamba ni mkaidi. Wazee walitikisa kichwa kwa kila neno, na Noko akaanza kusikitika waziwazi. Kisha nikawasimulia habari za Mama Dhesi, tangu shambani hadi kituoni. Sikuongeza kitu. Nilipomaliza hakuna aliyetikisa kichwa.

Noko aliinuka na koti lake, akaenda mwenyewe jikoni. Alirudi anamshika Trésor mkono kama anavyoshikwa mgeni, na Trésor bado ana paja la kuku katika mkono mwingine. Akamkalisha kwenye kiti chake yeye Noko, kile chenye mto, na yeye akaketi kwenye stuli. Mazungumzo ya wanaume yalianza hapo, na hayo siyaandiki.

Jioni Julienne alipiga simu. Hakuuliza Noko amesema nini, alikuwa amekwisha kuambiwa na shangazi. Aliniuliza mimi.

"Sasa, Yaya, weye unamupenda?"

"Hapana," nikamwambia. "Lakini siku nitaanguka mu njia, yeye ndiye nitaomba apite."

Kisha nikamsikia anamwita mama aje asikie.

Ndoa itakuwa baada ya mavuno ya maharage. Trésor ameshaanza kuniletea picha za baiskeli nyingine, ya kaboni tena, nyembamba zaidi, na nimemwambia ninachofikiri. Mmealikwa wote wa kundi. Mje kwa miguu.